Saa ya Kuhesabu Roho

Sauti ilitangulia. Ti, ti, ti, ti, kali na nyembamba, kama kifaranga cha chuma kilichopotezana na mama yake. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri na ukumbi wa hospitali ulikuwa na giza mchana kweupe, kwa hiyo sote tuliokaa kwenye benchi tuligeuza shingo bila kuona kitu. Mzee aliyekuwa kulia kwangu, tumbo lake limejaa maji, alijishika kifua kuhakikisha kwamba sauti haitoki kwake. Nami nilijishika changu. Ukishakaa miezi mitatu kwenye benchi la wagonjwa wa moyo, kila kinacholia unadhani ni wewe.

Kisha akaibuka Faridi, mchumba wangu, amevaa kaptula na viatu vyeupe, jasho linamtiririka, mkono ameuinua mbele ya uso kama bibi harusi anayeonyesha pete.

“Hadija, angalia! Mia moja na sabini na mbili! Nimetoka Gihosha na kinga mupaka hapa, na bado niko nazungumuza sawasawa. We unaona roho hii?”

Kinga ni baiskeli kwetu Bujumbura, na roho ni moyo, ule wa nyama na ule wa kurudishwa kwa Mungu, yote miwili kwa jina moja. Na kutoka Gihosha hadi pale hospitalini ni mteremko mtupu. Gunia la viazi lingefika bila kutoa jasho. Lakini Faridi alisimama mbele ya watu ambao hawakuweza kupanda ngazi tatu bila kupumzika, akawaonyesha saa nyeusi iliyokuwa ikilia kwa sababu moyo wake ulikuwa na nguvu kupita kiasi.

Mzee wa tumbo alimtazama kwa huruma. “Pole sana, mutoto wangu,” alisema. “Kuja, kaa hapa, mi nitakupisha. We uko mugonjwa kunipita.”

Benchi zima lilicheka, wengine kwa kukohoa. Faridi hakuelewa. Alishukuru, akakaa.

Naandika haya nikiwa nimeshachomwa sindano ya arobaini na moja. Sindano ndiyo kalenda yangu: moja kila mwezi, mara tako la kulia, mara la kushoto, dawa nzito kama uji inayoingia polepole na kukuacha ukichechemea siku nzima. Wapo wanaohesabu miaka ile ya vita kwa mashambulizi na kwa mazungumzo ya amani. Mimi nahesabu kwa matako. Niko hai, napanda baiskeli, na kwa sababu hiyo watu wenye mioyo mibovu huletwa mtaani kwetu Bwiza na ndugu zao, wananiuliza nilitumia nini. Nilitumia sindano, vidonge vya kukojoa, na dharau. Dharau haiuzwi kwenye duka la dawa, lakini inashusha homa nyingi.

Jina la ugonjwa wenyewe daktari alilitaja kwa Kifaransa mara moja, akiangalia dirisha, na sikuona sababu ya kulikumbuka. Ulianza kooni, kama mafua ya mtoto. Ukaenda kwenye kifundo cha mguu, ukahamia goti, ukahamia kiwiko, kama mgeni asiyejua apewe chumba gani, mpaka ukafika kifuani na kuona hapo panaufaa. Uso ulinivimba asubuhi kama andazi. Nikibonyeza mguu kwa kidole, shimo lilibaki pale likinitazama. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilivaa ndala za mama yangu, kwa sababu viatu vyangu vyote vilikuwa vya mtu mwingine, msichana mmoja mwembamba aliyekuwa akikimbia.

Nilikimbia tangu shule ya msingi. Lazima nilieleze hili, maana bila hili utadhani nilihangaikia saa kwa ajili ya mapambo. Vita vilikuwa vimetunyang'anya barabara ya kwenda kwa bibi yangu mlimani, matembezi ya jioni, mitaa mizima ambamo tulikuwa na marafiki. Miguu ilibaki. Nilikuwa naandika riwaya yangu ya kwanza, na sentensi zangu zilikuja kwa miguu: nikikimbia zilijipanga, nikikaa zilioza. Wenzangu wa uandishi, tuliokutana kila Jumamosi kusomeana kurasa, walikuja kunitazama nilipokuwa nimelala kwa mito mitatu. Mmoja alinishika mkono akasema ugonjwa ni zawadi kwa mwandishi, kwamba sasa nitaandika kwa kina. Nilimwomba aichukue zawadi hiyo aende nayo kwao. Alidhani natania, akaiandika kwenye daftari lake.

Siku ile ya giza, daktari alinipokea pamoja na Faridi. Alinisikiliza kifua, akaandika, kisha akatoa hukumu yake kwa kalamu.

“Utakimbia kidogo. Kinga, kidogo, pahali tambarare. Lakini roho isipite mia moja na thelathini kwa dakika. Ikipita, ikizoea kupita, mi siko na kitu ya kukufanyia. Kupasua hatupasui hapa, na mipaka unajua vile iko.”

“Nitajuaje kama imepita?”

Alielekeza kalamu kwenye mkono wa Faridi. Faridi akatabasamu kama aliyechaguliwa kuwa waziri.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kutafuta saa, na kama wewe nawe umepewa namba na daktari anayeangalia dirisha, nisikilize vizuri hapa.

Kwanza nilikwenda kwa fundi saa wa mtaani kwetu, Bwana Issa, mtu mwenye kioo cha kukuzia kilichobanwa kwenye jicho na ulimi usiobanwa na chochote. Hiyo ilikuwa miaka ya vikwazo, mipaka imefungwa, na kila kitu kilichokuwa dukani kilikuwa na hadithi ya jinsi kilivyoingia. Alinitolea saa yenye picha ya moyo mwekundu kwenye uso wake.

“Binti yangu, hii saa iko na akili. Inasikia roho kupitia ngozi.”

Niliivaa. Moyo mwekundu ulianza kuwaka na kuzima.

“Unaona? Sitini. Roho yako iko sawasawa, hata hauumwi!”

Kwa muda wa pumzi tatu niliamini. Hilo ndilo ninalojidharau kwalo kuliko yote: jinsi mgonjwa anavyotaka kudanganywa. Halafu nikaivua, nikaifunga kwenye mguu wa stuli yake. Moyo mwekundu ukaendelea kuwaka, sitini kwa dakika, bila haraka.

“Bwana Issa, stuli yako iko na afya nzuri.”

“Ah, we binti ya Mama Salima,” alisema, akaifungua saa yake mguuni mwa stuli bila hata kuona aibu. “Stuli ile ni ya libuyu. Mbao ya libuyu inaishi.”

Ya pili aliileta Mama Zubeda, rafiki wa mama yangu, aliyekuwa akipenya, mipaka imefungwa au haijafungwa, hadi Dubai kufuata vitambaa. Ilikuwa saa nene, mbaya, ya rangi ya majivu, yenye kifungo cha chuma mbele. Unasimama, unaweka kidole juu ya kifungo, unasubiri kama unavyosubiri maji ya bomba, kisha inakupa namba. Niliijaribu mara kumi. Kila mara ilikubaliana na muuguzi wangu Goreti, aliyehesabu kwa vidole vyake viwili na saa ya ukutani.

Faridi aliishika kwa ncha za vidole. “Hii ni saa ya wazee wa kusubiri pensheni. Kila saa usimame? Watu watakupita. Apana. Mi nitakutafutia kama yangu.”

Yake ilikuwa na mkanda. Huo unafungwa kifuani, chini ya maziwa, juu ya ngozi tupu, na ndio unaosikia moyo. Saa ya mkononi inapokea tu habari. Faridi alifanya kazi na Wazungu, na mmoja wao akirudi kutoka Ubelgiji alileta moja, pacha kabisa wa ile ya kwake. Kijitabu cha maelezo Faridi alikiweka mfukoni. “Kifaransa chake ni kigumu,” aliniambia, mimi niliyekuwa nikimsahihishia barua zake za kazi. “Mi nitakufundisha mwenyewe.”

Nilichagua pacha. Nilichagua kama mchumba, sikuchagua kama mgonjwa. Nilipenda wazo la mikono miwili yenye saa moja, barabarani, tukienda sambamba. Ya Mama Zubeda nikaifungia kwenye kitambaa nikaiweka kabatini. Mwenye moyo mbovu asichague kifaa mbele ya mtu anayempenda. Aende na adui yake.

Mkanda huo lazima uloweshwe ndipo ushike, na njia ya haraka ni mate. Mama alinikuta asubuhi nikiulamba.

“Unakula nini?”

“Ni mukaba, mama. Wa kuhesabu roho.”

Alikaa kitandani. Mama yangu amezika mume na watoto wawili na hakuwahi kulalamika mbele ya watu, lakini hilo lilimshinda. “Roho ni ya Mungu. Anaituma, anaichukua. Muzungu amepewa na nani ruhusa ya kuihesabu? Na we unailambia mate, kama timbre ya barua!” Wiki nzima alinipikia bila kusema nami. Chai ya mchaichai aliiweka mlangoni, akagonga, akaenda. Nilikuwa nikiichukua nikiwa nimevaa mkanda, na nilipoinama namba ilipanda, na ilipopanda nilijua kwamba nampenda na kwamba nimechoka naye. Saa haikutofautisha.

Sasa sikiliza jambo ambalo daktari hakulijua, kwa kuwa yeye alikwenda kila mahali kwa gari. Bujumbura ya miaka ile, mtu hakimbii peke yake. Mtu akikimbia, amekimbia kitu. Na anayemwona hasubiri kuuliza ni kitu gani. Nilipopata ruhusa, asubuhi ya kwanza nilisahau. Nilikuwa nimelala kwa miezi, nikasahau mji wangu. Nilitoka Bwiza kwa mbio ndogo, za kizee kabisa, na kabla sijafika mwisho wa barabara yetu mama mmoja alikuwa ameshakusanya nyanya zake kwenye kanga, milango ya maduka inashuka mmoja baada ya mwingine kama meno yanayofunga, na wanaume wazima wananipita kwa kasi wakielekea kule nilikokuwa nikielekea, kwa imani kwamba mimi najua. Sikuwa najua kitu. Nilisimama. Wakasimama. Tukatazamana.

“We dada una wazimu?” alifoka muuza sabuni mmoja, akihema. “Ukitaka sport, kimbia na watu! Na muimbe! Tusikie kama ni sport!”

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, haikuandikwa popote. Jumapili asubuhi vikundi vilikimbia, vijana na wazee, vikiimba kwa sauti kubwa na kupiga makofi, ili kila nyumba inayosikia miguu mingi ijue kwamba leo ni michezo. Wimbo ulikuwa pasi yetu ya kupita. Kwa hiyo ushauri wa daktari, kimbia polepole, peke yako, kwa utulivu, ulikuwa ushauri wa nchi nyingine. Ilinibidi kukimbia katikati ya watu, bega kwa bega, na bega lililokuwa karibu zaidi na langu lilikuwa la Faridi.

Siku za kazi nilipanda baiskeli ya marehemu baba yangu kwenda Zone Industrielle, kule kwenye viwanda, ambako niliandika stakabadhi kwenye ghala la chumvi na saruji. Njia ni tambarare, nilikuwa peke yangu, na saa ilisema kweli: mia moja na kumi, mia moja na kumi na nane, ikifika mia na thelathini inalia, nashuka, nasukuma. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilikuwa nimerudishiwa barabara moja.

Kwenye bariyeri ya askari kabla ya maghala, ililia wakati usiofaa.

“Ni nini inalia?” aliuliza askari, bunduki imehama bega. “Uko na nini mu kifua?”

Nilimweleza. Hakuamini. Nilimgeuzia mgongo, nikaingiza mkono chini ya blauzi, nikaufungua mkanda na kumpa ukiwa na joto langu. Aliugeuza, akaunusa, akacheka.

“Iko inapima woga?”

“Inapima roho.”

“Si ni kitu kimoja.” Akafungua vifungo vya shati, akauvaa, akaweka saa karibu. Alikuwa mrefu, mpana, amesimama wima bila kusogea, bila kubeba kitu zaidi ya bunduki yake. Namba ikatokea: mia moja na arobaini na moja. Tuliitazama pamoja.

“Imeharibika,” nilimwambia.

“Eh. Imeharibika.” Alinirudishia, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. “Dada, usimwambie mutu.”

Tangu siku hiyo alinifungulia kizuizi kabla sijafika, ili nisishuke, kwa sababu nilimwambia kwamba kuanza upya kunanichosha. Katika miezi ile yote hakuna mtu mwenye afya aliyenifanyia jambo la maana zaidi. Naye hakuwa na afya.

Sindano ya tano ilikuja na mvua za Aprili. Vidonge vya kukojoa vilikuwa vimenikausha. Uso ulirudi, miguu ilirudi, mbavu zilionekana. Nilijiona mzuri. Mkanda ulianza kulegea na kuteremka kiunoni nikikimbia, lakini namba iliendelea kuonekana, namba nzuri ajabu, kwa hiyo sikujali. Kila Jumapili, kando ya Faridi, saa yangu ilinipongeza: mia moja na nane, mia moja na kumi na mbili. Siku za kazi, juu ya baiskeli, nilipanda hadi mia na ishirini na tano kwenye tambarare. Jumapili nilikimbia na sikupita mia na kumi na tano. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilisema ni mapenzi.

Jumapili yenyewe hakukuwa na mvua. Faridi alitaka kikundi kipandishe Gihosha, kwao, mama yake atuone. Daktari alisema tambarare, nilimkumbusha. “Dokta alisema mia na thelathini,” alijibu. “Saa iko mu mukono wako. Ikilia, tutasimama. Iko inalia?”

Haikulia. Tulivuka daraja la Ntahangwa tukiimba, kwa mwendo wangu wa kizee, ambao kwa Faridi ulikuwa matembezi. Mlima ulipoanza niliacha kuimba. Nilipofika kwenye kona ya kwanza nilikuwa nikivuta hewa kama anayekunywa kwa chujio. Kitu kilikuwa kinarukaruka kifuani mwangu kama samaki ndani ya ndoo. Niliinua mkono. Mia moja na kumi na nne.

“Faridi, siwezi.”

Aliangalia saa yangu, kisha yake. “Mia na kumi na nne, Hadija! Hiyo ni roho ya mutu amekaa. Saa aidanganyi. Ni uvivu wa kitanda tu, ukiusikiliza hautatoka kwake.”

Na mimi, ninayejivunia kutoamini mtu, niliamini namba. Nilikuwa na mwili mzima unaopiga kelele na nikauambia unyamaze kwa sababu kioo kidogo kilisema vinginevyo. Nilipiga hatua nyingine, labda mia. Nakumbuka wimbo ukiendelea mbele bila mimi. Nakumbuka vumbi, ladha yake ya chuma.

Nilizinduka kitandani hospitalini, nimeinuliwa kwa mito, nina mrija wa hewa puani. Goreti alikuwa akinipangusa miguu. Huyu Goreti ni mwanamke mfupi wa Kikristo mwenye rozari mfukoni, na mikono yake ni mikavu na ya moto. Wakati ule ningeweza kumwabudu kwa ajili ya mikono hiyo peke yake. Faridi alikaa kwenye kiti karibu na kichwa changu, bado na kaptula yake, anamweleza mama jinsi nilivyoanguka “ghafula, bila sababu”. Mama alikuwa akinitazama mdomoni, kuona kama hewa inaingia.

“Yoo,” alisema Goreti. “Angalieni hii kitu.”

Alikuwa ameshika mkono wangu wa kushoto. Saa ilisema themanini na sita. Kwa vidole vyake alikuwa amepata mia moja na hamsini na kitu, yenye kujikwaa.

“Mukaba wake nimeutoa mi mwenyewe, uko pale juu ya meza,” alisema. “Na saa iko inahesabu. Inahesabu nani? Meza?”

Goreti alimtazama Faridi, kifua chake, mstari wa mkanda uliojichora chini ya fulana. “We kaka, ondoka kidogo. Enda mupaka kwa mulango.”

Faridi alikwenda. Namba ikasita, ikapepesa, ikawa sifuri mbili.

“Rudi.”

Akarudi. Themanini na sita.

Mama yangu, asiyejua kusoma ila Kurani, alielewa kabla ya wote. Alijifunika mdomo kwa kanga. Mkanda wangu ulikuwa umelegea na kukauka, haukusikia chochote. Na saa, kwa kuwa ni saa, ilichukua moyo uliokuwa karibu. Kila Jumapili nilikuwa nimetembea na moyo wa Faridi mkononi. Uliopandisha mlima bila shida ulikuwa wake. Wangu ulikuwa ukifa bila kuandikwa.

Nililala hapo sindano mbili. Kiangazi kilianza, milima ng'ambo ya ziwa ilipotea kwenye ukungu wa moshi, na mzee wa tumbo akafariki kwenye chumba cha pili akiwa anamtania muuguzi. Goreti alinifundisha kuhesabu bila kifaa: vidole viwili vya kati shingoni au kwenye kifundo cha mkono, hesabu sekunde kumi na tano, zidisha kwa nne. “Kidole gumba, apana,” alisema, akinipiga nacho kofi dogo mkononi. “Gumba iko na roho yake mwenyewe. Ukitumia gumba utajihesabu we, utasema mugonjwa anapona.” Mama alikuwa ameketi pale, anajifanya hasikii. Siku ya tatu nilizinduka usingizini nikamkuta ameshika mkono wangu, kwa vidole viwili, midomo yake inahesabu. Hakusema lolote tena kuhusu ruhusa ya Mzungu.

Nilirudi Bwiza nikiwa na uzito wa mtoto wa shule. Nilitoa saa ya majivu kabatini. Niliitumia, naitumia mpaka leo: nasimama, naweka kidole, nasubiri. Watu wananipita. Inashangaza jinsi unavyoweza kuwatazama vizuri watu wanaokupita.

Faridi alikuja Ijumaa moja mchana, baada ya sala, amevaa kanzu, na boksi mkononi. Mama alimpa kiti, akabaki amesimama. Alikuwa na habari njema, alisema. Brussels sasa walikuwa wanatengeneza aina nyingine, kila mkanda una siri yake na saa yake, havisikilizani na vya jirani. Ameagiza mbili. Nimrudishie ile ya zamani, atampa binamu yake. Na harusi isingojee tena. Tukihamia Gihosha nitakuwa karibu naye, ataniangalia.

“Na hatutachanganyikana tena,” alisema, akacheka kidogo.

Kijitabu cha saa ya zamani kilikuwa ndani ya boksi. Alikuwa amekileta ili binamu yake apate kitu kamili. Nilikifungua. Faridi ana tabia ya kupiga mstari chini ya kila anachokiona cha maana, kwa rula, kwa wino wa buluu. Ukurasa wa nne ulikuwa na mstari mmoja, umenyooka vizuri, chini ya maneno yanayoonya kwamba mwenye saa asikae karibu na mwingine mwenye aina hiyohiyo, la sivyo namba inaweza kuwa ya mwenzake.

“Ulisoma hapa,” nilisema.

Alikiangalia. Sikuona aibu usoni mwake. Niliona usumbufu, kama mtu aliyeulizwa habari za bomba la maji. “Nilisoma. Nilifikiri ni mambo ya mashindano, watu mingi pamoja. Na namba zako zilikuwa muzuri, Hadija. Uliona mwenyewe. Ulikuwa na furaha.”

“Zilikuwa zako.”

“Yangu, yako... Si tunaoana?”

Kama angelia, ningemsamehe. Nasema hili ili wasomaji wangu wasidhani nilikuwa jiwe. Nilimpenda miaka miwili. Nilimtaka aseme neno moja tu. Badala ya kumfukuza nilimnyooshea mkono, kifundo juu.

“Hesabu,” nilimwambia. “Bila saa. Nihesabie roho yangu.”

Alifurahi. Aliburuta kiti, akanishika mkono kwa upole wa kweli, akabonyeza kidole gumba chake juu ya mshipa wangu, akainua macho darini, midomo ikisogea. Kwa mkono wangu mwingine, vidole viwili shingoni chini ya ushungi, nilihesabu nami. Nilipata mia moja na nne, yenye kuruka moja baada ya kila sita.

“Sabini na mbili,” alisema Faridi, akitabasamu. “Unaona? Umepona kabisa. Sabini na mbili, sawasawa.”

Nilimtazama mama. Mama alikuwa anatazama kidole gumba.

“Kijana,” alisema, taratibu, kwa heshima yote anayopewa mgeni, “umejihesabu we.”

Faridi alicheka, akasubiri tucheke. Alitazama mkono wake, akautazama wangu, akausogeza tena mbele kama anayetaka kurudia, na mimi nikauweka mkono wangu chini ya kanga. Nilimwambia achukue saa yake na aende. Alisema nina hasira za ugonjwa, kwamba atarudi nikipoa, kwamba hakuna mwanamume mwingine Bujumbura nzima atakayeoa moyo kama huu. Mama alimkabidhi boksi kwa mikono miwili. Alimsindikiza hatua tatu, mpaka kizingitini, akamwambia “Nenda na amani, baba,” akaufunga mlango nyuma yake.